Vua Hivyo Viatu Kwanza

Nimefuta ile video. Kwa wale wamekuwa wakiniuliza inboksi, "siz, ile klipu ya ngazi imeenda wapi," jibu ndilo hilo. TikTok hawajaitoa, hakuna mtu ameniripoti. Ni mimi. Ilikuwa imeonwa mara laki nne na kitu, video yangu kubwa kuliko zote tangu niache chuo, na niliifuta Jumanne usiku nikiwa nimekaa sakafuni na simu mkononi.

Kama hukuiona, hujakosa mengi. Ngazi za simiti za jengo letu hapa Ngara, saa kumi na moja jioni, jua zuri. Mimi na sketi nyeusi na viatu vya pointi, vile vya baleti vya rangi ya waridi vyenye ncha ngumu. Napanda juu ya ncha za vidole, mikono inaenda juu, nyuma unaskia matatu zikipiga honi Park Road. Sekunde 11. Chini nilikuwa nimeandika: "Nimejifunza pointi siku 30, bila mwalimu, bila doo. Wewe nini inakuzuia?"

Wacha sasa niwaambie nini ilipaswa kuwazuia.

Siku 30 ilikuwa uongo. Nilikuwa nimevaa hivyo viatu mara nne. Sekunde mbili za kwanza mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika reli ya ngazi, nikakata hapo. Na baada ya sekunde ya 11 nilishuka vibaya, mguu ukaenda kando, nikasema neno siwezi kuandika hapa ju mamangu hunisoma. Wiki mbili baadaye mguu huohuo ukapinduka nikishuka matatu pale Globe. Nilikuwa na raba, lami tambarare, hakuna baleti yoyote. Nilichechemea mwezi mzima. Hiyo sikuposti. Niliposti vitu vingine, video ikaendelea kupanda, na mimi nikaiacha ipande.

Halafu mama mmoja akaniandikia. Mtoto wake ana miaka 13, gredi ya nane, huko Eastlands. Hakunitusi, na ni heri angenitusi. Alisema tu: "Mwanangu, mtoto aliona yako akajaribu. Mguu umefura, hawezi kuvaa kiatu cha shule. Nilitaka kukuuliza, wewe ulitumia dawa gani?"

Wewe ulitumia dawa gani. Huyo mama aliamini kuna mtu mzima kwa hii stori mwenye anajua anachofanya.

Kwa hivyo hii ni posti ya hasira, na mtu wa kwanza nimemkasirikia ni mimi. Lakini siko peke yangu kwa hii kesi. Kuna wenzangu wa kontenti wenye sai wanafanya chalenji ya kusimama kwa ncha za vidole na raba za kawaida zilizofungwa na selotepu. Kuna watu wanauza viatu vya pointi mtandaoni kwa yeyote mwenye ametuma pesa, hawaulizi hata umri. Na kuna waalimu, sitataja mtu, wenye huwavalisha watoi wa miaka 8 viatu vya pointi siku ya tamasha ju wazazi wanataka picha. Picha inapendeza. Mguu wa mtoto ndio unalipa.

Watu wengi wanadhani pointi ni kiatu. Yaani ukivaa, kiatu kinakubeba, wewe kazi yako ni kuweka mikono vizuri. Nilidhani hivyo pia. Kiatu hakikubebi. Ile ncha ngumu imetengenezwa kwa vitambaa na karatasi zilizopakwa gundi, tabaka juu ya tabaka, na chini ya unyayo kuna ubao mwembamba wa ngozi au kadi ngumu. Inakupa mahali bapa pa kusimama, padogo kuliko kifuniko cha chupa ya maziwa. Kusimama ni juu yako.

Na hata hicho kidogo hufa. Gundi ikipata jasho na kupondwa inalainika, ubao unavunjika katikati. Wachezaji wa kampuni kubwa huko nje wanaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja. Sasa fikiria vyangu. Nilivinunua mitumba kwa 500. Soko gani sisemi, muuzaji hana makosa, yeye alidhani ni viatu vya harusi. Lakini mtu akikitoa kiatu cha pointi, anakitoa ju kimekufa. Nilikuwa nimesimama kwa maiti ya kiatu kilichokuwa kimejikunja kufuata mguu wa mtu mwingine kabisa, halafu nikaandika "nini inakuzuia".

Hapa sasa tuingie ndani ya kifundo chenyewe, ju hii ndiyo sehemu hakuna mtu alinieleza na ndiyo ilinifanya nifute video.

Mguu mmoja, kutoka kifundo kwenda chini, uko na mifupa 26. Miguu miwili ni 52, robo ya mifupa yote ya mwili. Juu ya hiyo rundo kuna mfupa unaitwa talusi, ndio unaoingia katikati ya mifupa miwili ya muundi na kufanya kifundo. Talusi iko na umbo la kabari: mbele ni pana, nyuma ni nyembamba. Ukisimama flati, ile sehemu pana imeingia na kukaza, kama droo imefungwa vizuri. Ukinyoosha mguu kuelekea chini, kama vile unafanya ukisimama kwa ncha, sehemu pana inatoka na ile nyembamba ndiyo inabaki. Droo inacheza. Mfupa haukushikilii tena kama awali. Kwa hivyo kile kitu kinakuzuia usianguke ni kano na misuli, hakuna kingine.

Na kano zenye huumia sana ni za upande wa nje, pale mbele kidogo ya nundu ya kifundo. Mguu ukipinda kwenda ndani, ukawa na umbo la mundu, uzito wote unatoka kwa kidole gumba na cha pili unaenda kwa vile vidogo vya kando. Vidole vidogo haviwezi huo uzito. Kano inavutwa, pap. Watu wa baleti wana jina la huo mguu na jina lenyewe linamaanisha mundu, si mimi nimetunga.

Halafu habari mbaya zaidi. Kitu kikubwa kinachotabiri kama utateguka kifundo ni kama ulishawahi kuteguka. Kano ikishavutwa, na usipoifanyia mazoezi ya kuirudisha, hata zile habari ambazo kifundo hutuma kwa ubongo, "oyaa, tunaanguka upande huu", zinachelewa. Ndiyo maana mimi nilianguka Globe na raba. Sekunde 11 za kontenti zilinunua mguu wenye utanisumbua miaka.

Sasa najua komenti zinakuja, wacha nizijibu kabla mchoke kuandika.

Ya kwanza: "Hizi ni sheria za wazungu na mabeste wa Karen. Wanataka baleti ibaki yao. Mtoi wa mtaa akijitoa anaambiwa ngoja miaka minne."

Hii komenti naielewa mpaka kwa mfupa. Najua venye unaangaliwa ukiingia studio ya Lavington na begi ya Ngara. Na ni kweli kuna mwongozo. Chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya densi, IADMS, kimewaandikia waalimu wazi: pointi isianze kabla ya miaka 12. Mtoto anayekuja darasani mara moja kwa wiki asipelekwe huko. Yule wa mara mbili kwa wiki, aliyeanza akiwa na miaka 8 au zaidi, aanze mwaka wa nne wa mafunzo, na hapo pia kama mwili wake uko sawa, tumbo na nyonga ziko na nguvu. Sababu haina rangi. Mifupa ya mguu wa mtoto bado inakua, na mwili haujui kama unalala Runda ama Huruma.

Lakini angalia hiyo hoja vizuri uone nani anafungia nani mlango. Katika hii safari yote, kitu cha bei ni kiatu. Jozi mpya huko nje ni dola 80 hadi 120 na zaidi, hiyo ni kama shilingi 10,000 ukianza tu kuhesabu, na itakufa. Miaka minne ya kujenga mguu inataka ukuta, ngazi, na kipande cha tyubu ya baiskeli. Kwa hivyo yule anakuambia "nunua viatu kwanza, nguvu itakuja", huyo ndiye anaifanya baleti iwe ya matajiri. Yule anakuambia "pekupeku, panda, shuka" anakupa ile sehemu ya bure.

Na tukisema ukweli, mtoi wa Karen akiteguka anapelekwa na gari, anapigwa picha, anapata fizio mara mbili kwa wiki, anarudi. Huyu wa gredi ya nane wa Eastlands hutembea kwenda shule. Mguu ukifura, ama mama anatafuta nauli kila asubuhi, ama mtoto anabaki nyumbani. Mbavu zetu hazina bima. Ndiyo maana mimi naona sisi ndio tunafaa kuwa wakali zaidi na hizi sheria. Tukianguka hakuna kitu kiko chini.

Ya pili, na hii ilinichekesha: "Sisi Wakenya tumekua bila viatu, miguu yetu ni chuma." Buda, wewe umekua na Toughees za Bata. Nakujua. Ni kweli mwaka wa 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kuhusu wakimbiaji, wakiwemo wa Bonde la Ufa waliozoea kukimbia pekupeku, na wakaonyesha kwamba wengi wao hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu badala ya kisigino. Poa sana. Lakini kutua kwa sehemu ya mbele ya mguu si kusimama wima juu ya ncha ya kidole gumba. Na hao watu walijenga hiyo miguu kwa miaka, kilomita juu ya kilomita. Huwezi kuirithi kwa kuzaliwa Pumwani.

Ya tatu: "Na wale watoto wa Kibera?"

Asante kwa kuuliza, ju hapa ndipo nataka tukae.

Hizo picha mmeziona. Darasa la Spurgeons Academy, madawati na mabenchi yametolewa nje, ukuta wa rangi iliyobanduka, watoto wamenyoosha mikono. Mwalimu ni Mike Wamaya, mchezaji densi wa hapa Kenya. Mwaka 2017 alikuwa kati ya walimu 10 wa mwisho wa Global Teacher Prize, dunia nzima. Zile picha zimezunguka kila mahali na kila mtu anaandika kitu kimoja: ona ndoto, ona uchungu, ona hao watoto hawana hata viatu.

Rudi uangalie miguu. Pekupeku, ndiyo. Na kwa mtoto anayeanza, hiyo pekupeku si aibu. Vidole vinashika sakafu vyenyewe, kila mfupa unafanya kazi, mwalimu anaona kifundo kikipinda kabla kizoee kupinda. Sisemi umaskini ni mzuri, wacheni hiyo. Sakafu ngumu ya simiti ni tatizo, hasa kwa kuruka, muundi unalia, na studio nzuri zina mbao zenye nafasi chini zinazonesa kidogo. Ningependa kila mtoto apate hizo mbao. Lakini ukinipa pesa ya kitu kimoja, ningenunua sakafu kabla ya kununua kiatu cha pointi hata kimoja. Hakuna mtu huchanga kwa sakafu. Sakafu haipendezi kwa picha.

Ama chukua Joel Kioko. Kijana wa Kuwinda, ule mtaa wa mabanda karibu na Karen. Akafundishwa hapa Nairobi, akaenda English National Ballet School, London, 2017. Stori ikaandikwa kila mahali kama muujiza, kutoka mabanda hadi London, kama vile alipanda lifti. Wavulana kwa kawaida hawachezi pointi, najua, si hiyo nataka kusema. Nataka kusema ile miaka ya katikati hukatwa. Darasa, darasa, darasa, mkono kwa upau, kisigino juu, kisigino chini. Nimekata hiyo sehemu mimi pia. Ni kazi yangu kukata, ndiyo naijua.

Nilishaenda Kenya National Theatre kuona The Nutcracker ya Dance Centre Kenya. Kutoka Ngara ni kutembea tu, unapitia Globe, unatokea Harry Thuku Road. Kiti cha bei ya chini, nyuma kabisa. Siku hiyo nilikuwa naangalia magauni. Nikikumbuka sasa, wale wadogo wote walikuwa na viatu laini. Hakuna mtu alikuwa anawaonea. Walikuwa kwa foleni tu.

Na kama unadhani hii foleni ni kitu cha juzi, hata mwenye alifanya pointi ijulikane alipitia. Marie Taglioni, Paris, 1832, kwa La Sylphide. Viatu vyake havikuwa na ile ncha ngumu. Ilikuwa satini laini, imeshonwashonwa nyuzi mbele na kando ili isiteleze. Kilichomsimamisha ni mguu. Babake, Filippo, alikuwa mwalimu wake na alikuwa anamfanyisha mazoezi masaa kwa masaa kila siku mpaka dem analia. Siwaambii mtafute baba kama huyo. Nawaambia kiatu kigumu kimekuja baadaye, mguu ulikuwa hapo kwanza.

Sawa. Sasa kazi yenyewe. Nimekuwa nikifanya hii tangu mguu upone kiasi, baada ya kukaa chini na fizio mmoja na mwalimu mmoja wa baleti waliokubali kuniambia ukweli bila kunicheka sana. Kama una maumivu sai, hii si yako, anza na mtaalamu.

Kaa kwa kiti, unyayo sakafuni. Vidole vibaki virefu, usivikunje. Sasa vuta ile sehemu nene chini ya vidole kuelekea kisigino, mpaka katikati ya unyayo kunyanyuke kama kuba. Shikilia sekunde 5. Inaonekana ni upuzi. Siku ya kwanza mguu wangu ulikaza nikapiga mayowe, jirani akagonga ukuta. Hiyo ni misuli midogo ya ndani ya mguu, na wengi wetu hatujawahi kuitumia ju viatu vimekuwa vikitufanyia kazi. Kuna wale huwaambia ukunje taulo na vidole. Si dhambi, lakini mtu akizoea kukunja vidole ndani ya kiatu cha pointi atateseka. Vidole virefu. Kila saa, virefu.

Halafu jaribu kuinua kidole gumba peke yake, vile vingine vinne vibaki chini. Alafu geuza: vinne juu, gumba chini. Ukiona hakuna kitu kinasonga na unatoa jasho usoni, karibu kwa klabu. Mimi ilinichukua wiki mbili mguu wa kulia, na wa kushoto hadi leo unanidanganya.

Tyubu. Enda kwa fundi wa baiskeli, mimi nilitoa yangu Kirinyaga Road, tyubu kuukuu karibu bure, ukakata kipande. Funga upande mmoja kwa mguu wa kitanda, mwingine uzungushe kwa sehemu ya mbele ya mguu wako. Kaa chini, goti limenyooka. Sukuma mguu kwenda nje polepole, rudisha polepole zaidi. Hapa unajenga misuli ya kando ya muundi, ile ambayo ndiyo inamkamata mundu kabla apinde. Kama unafanya zoezi moja tu kwa hii posti yote, fanya hilo. Ukimaliza, zungusha tyubu chini ya unyayo, shika ncha kwa mikono, nyoosha kifundo kwanza, vidole mwisho. Ukirudi, vidole kwanza, kifundo mwisho. Baleti ina hatua inaitwa tandu inayofuata mpangilio uleule, na hapana, haina uhusiano na yule mdudu wa miguu mingi, ni Kifaransa.

Halafu visigino. Hii ndiyo mkate. Pekupeku, mbele ya ukuta, vidole viwili vya mkono vimegusa ukuta tu, si kuegemea. Anza na miguu miwili, na mpira wa tenisi katikati ya visigino. Mpira ukianguka, ulikuwa umepinda. Panda kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Kushuka ndiko kunajenga, usijiangushe kama gunia. Ukifika mahali hiyo ni rahisi, mguu mmoja, goti limenyooka. Wengi wa mafizio huangalia kama unaweza 25 kila mguu. Na hesabu haiishi ukichoka. Inaisha ile mara ya kwanza kifundo kimeenda kando. Mimi mwezi wa kwanza niliandika 25 kwa daftari. Mwalimu akanitazama nikifanya, akanihesabia: 7. Zile zingine 18 zilikuwa za mkono na nyonga na uongo.

Na kusimama mguu mmoja. Ukipiga mswaki asubuhi, dakika moja kulia, dakika moja kushoto. Ukizoea, funga macho, utashangaa venye dunia inazunguka. Mkitaka mwalimu wa hii kitu angalieni makanga wa Ngara: mguu mmoja kwa ngazi ya matatu, matatu inakata kona, mkono mmoja anahesabu pesa, kifundo kinarekebisha kila sekunde bila yeye kufikiria. Huyo jamaa angepita mtihani wa usawa kuniliko. Msimuige mlangoni lakini, tafadhali, nisifute video nyingine.

Fanya mara tatu ama nne kwa wiki, si kila siku hadi mguu uvimbe. Misuli huanza kujibu baada ya wiki kadhaa. Kano ni wazee, huchukua miezi.

Utajuaje umefika? Mimi sitakuambia, na usikubali mtu wa TikTok akuambie. Mwalimu akuone na macho yake. Lakini kuna vipimo vinavyojulikana unaweza kumuuliza avifanye. Kimoja unasimama mguu mmoja, mwili umelala mbele kama ndege, mguu mwingine nyuma, unakunja goti mara 5 huku mikono ikishuka kugusa chini; angalau 4 ziwe safi, nyonga isizunguke na goti lisiingie ndani. Kingine unaruka na mguu mmoja mara 16, na angalau 8 ziwe na mguu ulionyooka hewani na kutua kimya. Na ukikaa umenyoosha mguu, mstari wa muundi na wa juu ya mguu ukaribie kunyooka. Usipofika hapo, ndani ya kiatu utakuwa umekaa nyuma ya ncha na mgongo ndio utalipa. Kuna watu mifupa yao haitafika hapo kamwe. Hao wanaweza kucheza densi nzuri maisha yao yote na viatu laini, na mtu yeyote anayewaita washinde ana shida zake.

Umri mkubwa pia haukuokoi. Mimi niko na 22, mifupa imefunga, na nilikuwa na mguu wa mtoto.

Rudi kwa yule mama. Nilimpigia. Nilimwambia ukweli: sikutumia dawa, sikuwa najua, video ilikuwa imekatwa. Alinyamaza kidogo, nikaskia sufuria. Nikampitishia chenye fizio aliniambia: kama mtoto hawezi kupiga hatua 4, ama ukibonyeza ukingo wa nyuma wa zile nundu mbili za kifundo anaruka, asikandwe, aende eksirei. Aliweza kutembea, kwa kuchechemea. Mfupa ulikuwa sawa. Wiki ya tatu alirudi shule na kiatu.

Mtu atasema nimefuta laki nne za watazamaji ju ya mguu mmoja umepona. Ndiyo. Na nyinyi wenye bado mko na zenu, hasa wewe wa selotepu, unajijua: mimi sitakuripoti. Lakini andika chini ya video yako mara ngapi ulianguka. Andika nani alikuwa ameshika kamera na mkono wako mwingine ulikuwa wapi. Andika viatu vilitoka wapi. Kama baada ya kuandika hiyo yote bado unaona inafaa kukaa hapo, iwache.

Waalimu wa picha za tamasha, nanyi mko na majina ya hao watoto kwenye daftari. Mnajua nani ana miaka 8.

Viatu vyangu viko kwa msumari nyuma ya mlango. Yule msichana ananiandikia sasa na simu ya mamake, Jumapili kwa Jumapili. Jana ametuma "11". Nikamuuliza, mguu gani? Akasema wa kushoto, ule mzima. Ule mwingine 4.

Nikamtumia zangu: 19 na 14.